Punje Tatu za Makande

Mwanangu alikuwa na miaka 4 tulipompeleka Upare kula Krismasi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Desemba 2019, mwezi uleule treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi relini baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, na mume wangu alikuwa ameapa kwamba mtoto wake ataingia Same kwa treni, kama yeye alivyokuwa akiingia utotoni. Tukashuka stesheni macho mekundu kwa kukosa usingizi, mtoto amekumbatia pakiti ya biskuti ambayo hakuiachia tangu Dar. Pale Same akanunuliwa soda ili anyamaze. Kisha tukapanda gari la mlimani kupitia Mwembe kwenda Mbaga. Vuli ya mwaka ule ilikuwa kubwa kupita kawaida, barabara imelainika kama uji, na mara mbili abiria tulishushwa tukatembea huku gari likisukumwa. Mtoto akatapika njiani. Tulipofika kwa bibi yake alikuwa anatetemeka kwa baridi ya mlima, na tumboni hana kitu ila biskuti na sukari.

Naanza na safari kwa sababu kesho yake, nilipokuwa namlaumu mbele za watu kwamba hapendi kula, safari hiyo sikuikumbuka hata kidogo.

Nyumbani Dar tulikuwa tumeshamzoea. Alikula wali mweupe usioguswa na mchuzi, chapati, yai la kuchemsha, ndizi mbivu, chipsi. Basi. Maharage hakutaka hata kuyaona. Chakula chochote kilichochanganywa alikikagua kwanza kwa kidole, akauliza, "Hiki nini?" na jibu lolote utakalompa, akasukuma sahani. Tulikuwa tukinung'unika, dada wa kazi anacheka, maisha yanaendelea. Hakuna aliyekuwa akitutazama.

Mbaga tulitazamwa.

Nieleze kwanza chakula chenyewe, maana bila kukijua hutaelewa uzito wa kukikataa. Mama mkwe wangu alianza makande mchana wa mkesha wa Krismasi. Mahindi makavu aliyanyunyizia maji kidogo, akayamimina kwenye kinu, akatwanga mpaka maganda yakaachia. Akayapepeta kwenye ungo, pumba zikaruka na upepo wa mlimani, yakabaki meupe, manene, yanang'aa. Akayaosha, akayachanganya na maharage, akayabandika kwenye chungu juu ya mafiga, na chungu hicho hakikushuka usiku kucha. Kila nilipogeuka kitandani niliuona mwanga wa moto chini ya mlango wa jikoni, na kumsikia akisogeza kuni. Ni mwanamke wa miaka zaidi ya 70. Watanzania wengi wakisikia Mpare wanasikia makande, wengine kwa utani, lakini aliyekesha na chungu kile hatanii. Anayemwekea mjukuu makande mbele yake siku ya Krismasi anampa usiku wake mzima.

Kulikuwa na vingine pia: pilau, ndizi mshare zilizopikwa na nyama, kachumbari, mtindi, na mbuzi. Mbuzi alichinjwa na baba mdogo wa mume wangu, ambaye ni Mwislamu, kwa sababu katika ukoo ule, kama katika koo nyingi za Upare, kuna Walutheri, Waislamu na Wasabato, na akichinja yeye basi wote tunakula. Wasabato wana mizizi mirefu milimani huku. Kazi yao katika nchi yetu ilianzia Upare mwaka 1903. Mjomba mmoja Msabato alikuwepo, na chai ya majani hanywi. Alichemshiwa tangawizi ya kutoka Mamba peke yake, kwenye birika lake, akaletewa pale alipokaa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hakuna aliyesema anadeka. Jambo hilo dogo lilipita mbele ya macho yangu asubuhi ile, nami sikuliona. Nimekuja kuliona baadaye sana.

Chakula kilikuja saa 9 alasiri, baada ya kanisa, baada ya salamu, baada ya picha. Katikati ya hapo kila baba mkubwa na kila binamu alikuwa amempa mtoto kitu: soda, keki, peremende, soda tena. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Mtoto alikuwa amekunywa moja na nusu. Tukakaa kwenye majamvi uani, watu kama 30, masinia katikati. Shangazi yake, wifi yangu mkubwa, akamjazia mtoto bakuli la makande mpaka juu, akamimina mtindi, akamwekea mbele kwa mikono miwili, kwa upendo kabisa. Mtoto akatazama. Akaweka kidole. Akasema kwa sauti iliyosikika uani kote, "Sitaki. Yananuka."

Watu wakanyamaza. Bibi yake akainamisha macho. Na wifi, kwa sauti ya upole ambayo iliuma kuliko kelele, akasema, "Wifi, mtoto mmemdekeza huyu. Samaki mkunje angali mbichi."

Ningeweza kusema nilichokifanya baada ya hapo nilikifanya kwa hasira. Si kweli. Nilikifanya kwa aibu. Nilikuwa mkamwana wa mjini, mke aliyetoka pwani, na nilihisi kila jicho pale uani linaniuliza ni mama wa namna gani. Nikamvuta mtoto mapajani, nikaibana miguu yake kati ya magoti yangu, nikaishika mikono yake miwili kwa mkono wangu mmoja. Akaanza kulia. Nikambana pua, kama bibi yangu mzaa mama alivyokuwa akitubana sisi tukikataa uji, na kinywa kilipofunguka kutafuta hewa nikatia kijiko.

Kilio kikakatika.

Watu wengi hudhani mtoto aliyepaliwa atakohoa, atapiga kelele, utamsikia. Aliyepaliwa kidogo ndiyo, anakohoa. Aliyezibwa kabisa hana sauti. Mwanangu alikuwa ananitazama, kinywa wazi, mikono inapapasa hewa, na hakuna sauti yoyote. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mimi nilikuwa bado nimeshika kijiko. Baba mdogo, yule wa mbuzi, akaruka sinia, akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne, kitu kikadondoka juu ya jamvi. Punje moja ya hindi, nyeupe, nzima, haijatafunwa. Kisha kilio, na kilio kile nilikipokea kama kile cha siku aliyozaliwa.

Hakuna aliyekula tena. Makande ya usiku mzima yakapoa kwenye masinia.

Kesho yake tulimpeleka zahanati. Muuguzi akamsikiliza kifua muda mrefu, mbele na nyuma, akauliza imekuwaje. Nikasema amepaliwa. Akauliza, "Amepaliwa, au amekabwa?" Nikashindwa kumtazama. Alipomaliza akanieleza jambo ambalo natamani kila mzazi aelezwe kabla mtoto hajaanza kula. Koo lina njia mbili, ya chakula na ya hewa, na mtoto anapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa nukta moja. Mtoto anayelia anavuta pumzi kwa nguvu, ghafla, bila mpango. Ukimbana na pua, hewa yote lazima ipite kinywani, na kinywani umeweka chakula. Hapo hamezi. Anavuta. Uji, maziwa, mchuzi, punje, chochote kilichomo kinakwenda njia ya mapafu. Kikiwa kigumu kinaziba. Kikiwa laini kinashuka hadi mapafuni na kuleta nimonia siku chache baadaye, na wakati huo mama anasema mtoto kashikwa na baridi, hata haunganishi homa hiyo na kijiko cha juzi.

Niweke na hili hapa, maana sikukuu zimejaa vipande vya nyama, njugu na peremende. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa, kulia au kusema, muinamishe mbele, mpige katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, mara 5. Kisipotoka, pita nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa ndani na kwa juu mara 5, kisha rudi mgongoni, na mtu mwingine awe anatafuta gari. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo; hupigwa mgongoni akiwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, kisha hugeuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja. Na usitumbukize kidole kinywani kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.

Mapafu ya mwanangu yalikuwa salama. Lakini kuna kilichoharibika. Siku mbili zile zilizobaki Mbaga hakukaa na watu kula. Akisikia kijiko kinagonga bakuli la bati anakwenda kusimama nyuma ya banda la ng'ombe. Bibi yake alimfuata na ndizi mbivu, akaipokea kwa mbali, mkono umenyooshwa, kama anayelishwa na mtu asiyemjua. Tuliporudi Dar, orodha yake fupi ya vyakula ilikuwa fupi zaidi. Mayai aliyokuwa akiyapenda aliyaacha miezi mingi. Na kila tulipotaja Same aliuliza, "Kule wanakokaba?" Nilisema hawakabi. Akasema, "Wewe ndiye ulikaba."

Sitaki mtu asome hapa akadhani nawashutumu bibi zetu. Mwanamke anayembana mtoto pua ili ameze uji hafanyi ukatili moyoni mwake. Amerithi mkono huo kutoka kwa wanawake waliozika watoto, waliojua kwamba mtoto akikataa chakula jioni huenda asiamke asubuhi. Na hofu hiyo haijapitwa na wakati: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa hiyo mama akihangaika, anahangaikia jambo la kweli. Ila mwanangu hakuwa mtoto huyo. Kadi yake ya kliniki ilikuwa inapanda vizuri, mwezi hadi mwezi, na mimi niliitazama kadi hiyo mara ngapi bila kuisoma! Mtoto ambaye uzito wake unashuka au umesimama, anayekabwa na kila chakula hata kilaini, mwenye vidonda kinywani, aliyepauka, au aliyekuwa akila na ghafla ameacha, huyo ana la kuangaliwa na apelekwe kituo cha afya. Hata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa chini ya miaka 5 mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa hiyo msimu huohuo wa sikukuu. Mtoto wa miaka 2 hadi 6 anayekua, anayecheza, ila anaogopa chakula asichokijua, huyo haumwi. Umri huo ndivyo ulivyo. Ameanza kutembea mbali na mama na mwili wake unamlinda asitie kinywani kila aonacho. Uoga huo hupungua wenyewe kama hukuupa sababu ya kukua.

Mimi niliupa sababu. Ndiyo maana baadaye nilisoma kila nilichokipata. Kitu kimoja kilinigusa kwa sababu nacho kilikuwa cha mahindi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao juu ya watoto wa shule ya awali waliopewa supu, moja ya mahindi na moja ya boga. Kwa supu moja waliachwa wale wapendavyo. Kwa nyingine mtu mzima aliwaambia tena na tena, kwa adabu tu, wamalize supu yao. Hakuna aliyeshikwa mkono, hakuna aliyebanwa pua, maneno tu. Walikula zaidi ile waliyoachiwa, na ile waliyohimizwa waliisema vibaya. Maneno tu yalitosha kuichukiza supu. Nikafikiria bakuli lililojaa, macho 60, methali ya samaki, na mkono wangu.

Mmoja wa watafiti hao alikuwa Leann Birch, ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa akionyesha jambo ambalo mpishi yeyote angelipenda: mtoto hujifunza kupenda chakula kwa kukionja mara nyingi, kidogo kidogo, mara 8, mara 10, hata 15, na asilazimishwe katika mara hizo. Alionyesha pia kwamba ukimwambia mtoto "ukila hiki nitakupa kile," anazidi kupenda kile na kuzidi kukichukia hiki. Soda haiwezi kuwa mshahara wa makande. Mtoto ana hesabu zake. Akiona unalipia, anajua kazi ni mbaya.

Wa kale zaidi ni Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani. Kuanzia mwaka 1926 alichukua watoto 15 walioachishwa ziwa karibuni, akawawekea vyakula mbalimbali kila mlo, kila kimoja na chombo chake, na walezi wakaamriwa wasiseme neno wala kumsogezea mtoto chochote mpaka aoneshe kwa mkono. Watoto walichagua ovyo kwa macho ya mtu mzima, leo mayai matupu, kesho ndizi mfululizo, na wote wakakua wakiwa na afya. Watu walishangilia kwamba kumbe mtoto ajiamulie kila kitu. Davis mwenyewe aliwarekebisha mwaka 1939: vyakula vyote alivyoviweka vilikuwa vya asili na bora, sukari haikuwamo, na siri ilikuwa katika orodha hiyo. Kwa hiyo kazi iligawanyika. Mtu mzima ndiye aliyepanga kilichokuja mezani. Mtoto ndiye aliyeamua ale kiasi gani, na kama atakula.

Sisi Mbaga tulifanya kinyume chake kabisa. Asubuhi, tulipopaswa kupanga, tulimwacha ajipangie soda na keki. Alasiri, alipopaswa kuamua yeye, tukamwamulia.

Mwaka uliofuata sikutaka kwenda. Mama mkwe alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi; kwa kawaida humpigia mwanawe na kuniagizia salamu. Akasema, "Mwanangu, mlete mtoto. Na mje mapema, siku tatu kabla. Mtoto hawezi kula na watu asiowajua." Nikamwuliza kuhusu makande. Akasema, "Makande yapo. Hatayakimbia, nayo hayatamkimbiza."

Tukaenda siku tatu kabla. Mume wangu aliongea na ndugu zake kabla hata ya kufungua mizigo: asubuhi ya Krismasi mtoto asipewe soda, anayetaka kumpa ampe baada ya chakula. Lilikuwa jambo gumu kulisema, kwa sababu Upare kumnyima mjukuu soda siku ya Krismasi ni kama kumnyima salamu. Baba mdogo ndiye aliyelimaliza. Alisema, "Mimi nilimpiga mgongo huyu. Nawaomba." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku ya kwanza mtoto alikaa mbali na jikoni. Siku ya pili bibi yake akatoa kinu uani, akaleta na mchi mdogo, wa kutwangia vitunguu saumu, akauweka chini bila kumwita mtu. Akaanza kutwanga. Kinu cha mti kina mlio wake, unausikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Baada ya muda mtoto alikuwa amesimama pale. Baada ya muda mwingine ameushika ule mchi mdogo na anagonga ukingo wa kinu, anakosa, anagonga tena, na bibi anamsubiri ili michi isigongane. Akaweka mkono ndani, akatoa kiganja cha mahindi yaliyoachia maganda. Akayapuliza kama alivyoona ungo ukifanya. Pumba zikamrukia usoni. Akacheka, na mimi niliyekuwa dirishani nilijua sijakisikia kicheko hicho mlimani kwa mwaka mzima.

Akatia punje moja kinywani, mbichi, ngumu kama jiwe. Moyo wangu ulisimama. Bibi yake akaendelea kutwanga, ila jicho halikutoka kwake. Mtoto akaitema kiganjani, akaikagua, akasema, "Haijaiva." Bibi akajibu, "Kweli. Itaiva kesho." Mazungumzo yakaisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kati ya zile mara 10 au 15, na aliyeianzisha ni yeye.

Usiku tukakaa naye kidogo jikoni, akaona chungu, akaona mvuke, akanusa. Ile harufu aliyosema mwaka jana kwamba inanuka ilimjia kidogo kidogo, akiwa amejifunika kanga ya bibi, na moto unampasha miguu. Nikafikiria kwamba mwaka jana ilimjia yote kwa mpigo, kutoka bakuli lililojaa, na watu 30 wanasubiri jibu.

Krismasi chakula kilipakuliwa saa 7, si saa 9. Watoto walitandikiwa jamvi lao, binamu saba, mkubwa ana miaka 11, na kila mmoja alikuwa na bakuli lake. Kwenye la mwanangu bibi aliweka wali mweupe, chakula anachokijua, na pembeni kijiko kimoja tu cha makande. Wali ulikuwepo ili asikae na njaa kwa ajili ya heshima ya mtu. Hakuna aliyemtazama, au tuseme wote tulimtazama huku tukijifanya tunazungumza juu ya bei ya tangawizi. Mjomba Msabato alikuwa na birika lake, kama kawaida.

Mtoto akala wali. Akamtazama binamu yake akichota makande na mtindi kwa haraka kama anayeshindana. Akachukua punje moja ya hindi kwa vidole, akaitia kinywani, akatafuna muda mrefu. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne akakutana na harage, akakunja uso, akalitoa kinywani na kuliweka juu ya jamvi. Akasimama, akakimbilia kwa mbuzi.

Punje tatu. Nikaona wifi amefungua kinywa. Nilimjua, na nilijua neno linalokuja, na mikono yangu ikaanza kutoka jasho. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa kati yetu, akaweka kiganja chake juu ya goti la bintiye. Hakusema kitu. Wifi akafunga kinywa, akainuka, akaondoka kuelekea jikoni, nami nikadhani amekasirika.

Nilipoingia jikoni baadaye kuchukua maji ya kunawa, nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga, amenipa mgongo. Alikuwa na lile bakuli la mtoto mapajani, amelijazia makande kidogo kutoka chunguni, na alikuwa anachambua maharage. Moja moja. Anayatoa kwa ncha za vidole, anayaweka kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na kubakiza mahindi matupu, meupe, kwa ajili ya mtoto akirudi kutoka kwa mbuzi.